Kwa Wanaoanza Kusomea Jenetikia ya Ngano Wakiwa Tabora

Vijana mnaotoka kwenye majaruba ya mpunga ya Igunga na Nzega, au kwenye mahindi ya Urambo na Sikonge, mkaamua kusomea urithi wa mimea, mtaifikia ngano mkiwa na mazoea yasiyotosha kuielewa. Mpunga una kromosomu 24, yaani jozi 12, na mara nyingi mwanafunzi akishaitambua jeni moja na tabia inayotokana nayo huweza kuendelea na kazi. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, nazo ni jenomu tatu, yaani seti tatu kamili za kromosomu, A, B na D, zenye jozi 7 kila moja, zilizotoka katika nyasi pori tofauti na kukutana katika mmea mmoja. Kwa sababu hiyo jeni zake nyingi zina nakala tatu zinazofanana sana. Ushauri ambao ningeomba muushike kuliko mwingine wowote ni huu: kabla ya kuuliza jeni fulani inafanya kazi gani, ulizeni iko katika jenomu ipi, na nakala zake mbili nyingine ziko katika hali gani.

Chukueni jeni ya VRN1, iliyo kwenye kromosomu za kundi la 5, yaani 5A, 5B na 5D, ambayo inahusika katika kuamua kama ngano itachanua bila kupitia wiki kadhaa za baridi. Nakala moja tu yenye badiliko linalofaa, iwe ya A, ya B au ya D, kwa kawaida inatosha kuuondolea mmea haja ya baridi hiyo. Jeni za MLO ni kinyume chake. Hizo huufanya mmea uwe rahisi kushambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga juu ya majani, na watafiti wa China walionyesha mwaka 2014 kwamba kinga madhubuti hupatikana nakala zote tatu zikizimwa, kwa kuwa nakala iliyosalia nzima huendelea kufanya kazi ya zile zilizoharibiwa. Basi mtu aliyezima nakala moja asipoona badiliko lolote shambani, asiharakishe kuandika kwamba jeni ile haina kazi.

Katika maabara tahadhari hiyo inahitajika zaidi. Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanza kunakili katika PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), zikichaguliwa bila uangalifu hunakili A, B na D kwa pamoja, na matokeo yakasomeka kana kwamba ni ya jeni moja. Tangu mwaka 2018 upo mfuatano wa vinasaba wa aina iitwayo Chinese Spring, wenye jeni zaidi ya 100,000, na yeyote mwenye intaneti anaweza kulinganisha nakala tatu herufi kwa herufi, kisha akaiweka praima mahali zinapotofautiana. Hata hivyo kompyuta peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Ernest Sears, mtaalamu wa jenetikia ya ngano aliyefanya kazi Missouri nchini Marekani, alitengeneza mistari (koo za mbegu) ya Chinese Spring ambayo kila mmoja umekosa jozi moja ya kromosomu, huku pengo likifidiwa na jozi ya ziada ya kundi lilelile. Praima yenu ikishindwa kutoa chochote katika mstari uliokosa 5A, na ikatoa katika mingine yote, hapo mna haki ya kusema kwamba mnaisoma 5A. Binafsi siamini matokeo ya praima ambayo haijapitia kipimo hicho, au kingine chenye uzito kama huo.

Kuhusu kuotesha, Tabora si nchi ya ngano, lakini mimea michache ya mazoezi inawezekana. Ombeni mbegu zisizohitaji baridi, kama zile za nyanda za juu zetu, mkazipande mwanzoni mwa Mei na kuzimwagilia, ili maua yatokee kabla ya joto la Septemba na Oktoba, kwa maana joto linalopita nyuzi 30 wakati wa kuchanua hupunguza punje.

Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo anayetaka kuchanganya aina mbili huondoa stameni (viungo vya kiume vyenye chavua) zote tatu za kila ua zingali za kijani, hulifunika suke kwa mfuko wa karatasi, na baada ya siku chache huleta chavua ya baba. Kibandiko kiandikwe papo hapo kwa penseli, tarehe na wazazi wote wawili, jina la mama likitangulia.