Una PS4 na unaulizia PS5? Usiangalie picha, shika padi

Mkuu, umeuliza kama kuna maana kuuza PS4 yako (PlayStation 4, mashine ya gemu) na kuongeza hela uchukue PS5, wakati kwenye video unaona picha ni zilezile. Mimi nasema chukua. Ila sababu si picha.

Gemu nimeanzia kibandani, mwishoni mwa miaka ya 90. PS1 ya pale ilikuwa inachezwa ikiwa imepinduliwa chini juu, maana lenzi ilishachoka na ukiilaza kawaida haisomi diski. Ukifungwa unaachia padi, kile kifaa cha kuchezea cha mkononi, unarudi kwenye foleni. Baadaye nikamiliki PS2 na memori kadi yake ya MB 8, ya kutunzia ulipofikia kwenye gemu. Ikipotea, ligi yako yote imekwenda nayo. PS3 na PS4 zote zimepita sebuleni kwangu. Kila mara kilichobadilika zaidi kilikuwa picha.

PS5 ni tofauti, kilichobadilika zaidi ni padi. Siku ya kwanza niliwasha Astro's Playroom, gemu inayokuja bure ndani ya mashine. Kiroboti kikipita juu ya chuma, vidole vinagongwa tik tik tik. Kikiingia mchangani, padi inakwaruza polepole, upande wa kushoto kisha kulia, kufuata hatua zake. Nilizima sauti ya TV kabisa nikafumba macho, na bado nikajua kinakanyaga wapi. Halafu Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari: ukikamata breki kwa nguvu, kitufe cha L2 nyuma ya padi kinatetemeka chini ya kidole kama pedali ya gari lenye ABS. Hayo video haiwezi kukuonyesha, mkuu. Nenda kwa mwenye nayo akuachie hata nusu saa.

Kingine ni kusubiri. Kwenye gemu ya Spider-Man ya PS4, ukitaka kuhamia mtaa wa mbali unakaa kumtazama jamaa amepanda treni ya chini ya ardhi. Kwenye gemu iliyoifuata, Miles Morales ya PS5, unabonyeza, umeshafika. Ni kazi ya SSD, hifadhi ya ndani yenye kasi, na ukishaizoea, kurudi nyuma ni adhabu.

Sasa kwenye kununua, hapa nisikilize vizuri: chukua yenye sehemu ya diski. Ile ya dijitali ni rahisi kidogo, lakini kila gemu utaishusha kwa bando, na gemu moja kubwa inaweza kupita GB 100. Ukiwa na diski unaazimana na washkaji, ukimaliza unauza. Na diski zako za PS4 usizigawe, karibu zote zinacheza humo.

Nafasi pia. Toleo la kwanza la mwaka 2020 lina GB 825, ila unazoweza kutumia ni kama 667 tu. Slim, toleo jembamba lililotoka mwishoni mwa 2023, ina TB 1, kwa hiyo tofauti ya bei ikiwa ndogo, nenda na Slim. Hard disk ya nje itakusaidia kuchezea gemu za PS4. Za PS5 inazitunza tu, kuzicheza lazima uzihamishie ndani.

Na stebilaiza ununue siku hiyohiyo. Rafiki yangu alisema ataitafuta mwisho wa mwezi, umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, power supply ikaungua kabla hata hajamaliza gemu ya kwanza.