Kampuni ya mwavuli au kampuni yako mwenyewe? Anza na mkataba

Karibu kila Mtanzania au Mkenya anayenipigia simu baada ya kupata kazi yake ya kwanza ya mkataba hapa Uingereza huniuliza: wapi nitabakiwa na hela nyingi, kwenye kampuni ya mwavuli, yaani inayoniajiri na kunilipa kwa kazi ninayomfanyia mteja, au nikifungua kampuni yangu, ile ya Ltd? Nimefanya kazi ya kupima programu za kompyuta kwa njia zote mbili, na humjibu kwa swali: kazi hiyo iko ndani au nje ya IR35?

IR35 ni sheria ya kodi iliyoanza mwaka 2000, inayomlenga mtu anayelipwa kupitia kampuni yake ilhali kazi yenyewe ni ya mwajiriwa. Mteja akikupangia saa zako na namna ya kufanya kazi, na huna ruhusa ya kumtuma mwingine badala yako, kuna uwezekano mkubwa uko ndani. Tangu Aprili 2017 kwa taasisi za umma, na Aprili 2021 kwa kampuni binafsi za kati na kubwa, anayeamua ni mteja, na ni lazima atoe uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake. Uombe na uusome. Kwa mteja mdogo bado unaamua mwenyewe, na deni la kodi likija, linaiangukia kampuni yako.

Ukiwa ndani, kampuni yako haikupi nafuu ya maana. Nenda kwenye mwavuli. Hapo unakuwa mwajiriwa kamili: kodi inakatwa kabla hujalipwa, una likizo yenye malipo, na ukitimiza masharti unapata posho ya ugonjwa na ya uzazi. Dada zangu mnaopanga kupata mtoto, msilipuuze hilo.

Lakini ielewe salari slipu yako. Bei unayotajiwa na wakala aliyekutafutia kazi si mshahara. Tuseme ni £400 kwa siku, yaani £2,000 kwa wiki. Ndani ya hizo hutoka kwanza bima ya taifa (National Insurance, mchango wa hifadhi ya jamii) ya upande wa mwajiri, ambayo tangu Aprili 2025 ni asilimia 15, kisha tozo ya mafunzo ya asilimia 0.5 na ada ya mwavuli wenyewe. Ada ikiwa £20, unabaki na takriban £1,725, malipo ya likizo yakiwa humo humo, na kodi yako bado haijaguswa. Pensheni ikiingia, inashuka tena. Kwa hiyo mwambie wakala akupe hati ya taarifa muhimu kabla hujakubali kazi. Sheria inamtaka aitoe tangu Aprili 2020, na ndani yake mna mfano wa makato yote.

Akija mtu kukuahidi kwamba utabakiwa na asilimia 85 au 90, kimbia. Mipango ya namna hiyo huwa inakulipa mshahara mdogo na kuita sehemu iliyobaki mkopo au jina jingine. Watu wengi waliolipwa hivyo walifuatwa na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kwa tozo ya mikopo ya mwaka 2019, kwa hela walizokwisha kuzitumia miaka mingi nyuma. Wanaobuni mipango hupotea, mlipakodi anabaki na barua mkononi.

Ukiwa nje ya IR35, kampuni yako ina faida ya kweli. Faida isiyozidi £50,000 inatozwa asilimia 19, nawe unajilipa mshahara mdogo na gawio, yaani sehemu ya faida anayogawiwa mwenye kampuni. Gawio nalo lina kodi yake, na sehemu isiyotozwa sasa ni £500 tu kwa mwaka. Kuna hesabu za mwaka za kupeleka Companies House, msajili wa kampuni, kuna bima ya kazi, na mauzo yakipita £90,000 ndani ya miezi kumi na miwili unasajiliwa VAT. Tena hela iliyo kwenye akaunti ya kampuni si yako. Simu ya ada ya shule au mchango wa harusi ikija kutoka nyumbani, toa kwenye mshahara au gawio ulilokwisha kujilipa, usiguse ile ya kodi.

Wenye viza ya Skilled Worker (mfanyakazi mwenye ujuzi), kibali chenu kimefungwa kwa mwajiri aliyewadhamini, kwa hiyo msiache kazi hiyo mkafuata mkataba wa wakala. Wenye viza ya mwanafunzi nao hawaruhusiwi kujiajiri. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuchagua njia yoyote.

Kwa mkataba wa miezi mitatu ningechagua mwavuli hata kama kazi iko nje ya IR35, maana kufungua kampuni, kumlipa mhasibu na kuifunga tena kunakula ile nafuu. Kama mkataba ni wa mwaka mzima, na kuna mteja wa pili anayekuulizia, fungua kampuni, na mhasibu umpate kabla hujatuma ankara ya kwanza.