Wanagombana njia, si lengo
Kwenye swali lako la mazoezi ya LSAT (mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani), linalouliza meya na diwani wanatofautiana nini, jibu ni C, yaani njia, mkuu, si A. Rudia swali: meya anataka barabara ipanuliwe ili foleni ipungue, diwani anasema barabara pana huvuta magari mengi zaidi, bora yaongezwe mabasi. Diwani hajapinga kupunguza foleni hata kidogo, anachopinga ni upanuzi. A inasema wanatofautiana lengo, na hapo ndipo wengi hunasa (hata mimi, mara mbili). Andika pembeni: huyu anataka nini, atafikaje huko? Usilipuuze zoezi hili. Tangu Agosti 2024 LSAT imeondoa yale mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti. Hoja za mantiki, yaani maswali kama hili, sasa zina sehemu mbili zenye alama, dakika 35 kila moja.