Ukikutana na 'effervescent' katika kazi ya tafsiri

Anayeanza kazi ya kutafsiri hulikuta neno hili la Kiingereza, lenye maana ya kutoa viputo vya gesi au kuchangamka kupita kawaida, mahali pawili: kwenye boksi la dawa na kwenye wasifu wa mtu. Ukikosea kwenye boksi, mgonjwa anaweza kudhurika. Ukikosea kwenye wasifu, mtu mchangamfu ataonekana mgomvi. Tuanze na wasifu, maana ndiko wengi wanakokwama.

Asili ya neno ni Kilatini, kitenzi fervere, yaani kuchemka. Waingereza wakilitumia kwa mtu huwa na picha ya kinywaji chenye viputo vinavyopanda juu bila kukoma. Furaha ya mtu huyo haizuiliki. Kiswahili nacho kina picha ya kuchemka, ila kimeipa kazi nyingine kabisa. Kwetu kinachochemka ni hasira. Damu huchemka, mtu hufoka kama chungu kilichozidiwa moto, na anayemwaga maneno makali mtandaoni huambiwa ametokwa povu. Vijiweni Dar es Salaam ukisema fulani amechemka, watu wanaelewa kwamba ameshindwa au ameboronga. Kwa hiyo "dada mwenye povu" na "haiba inayochemka" ni tafsiri zinazosema kinyume cha kilichokusudiwa, hata kama kila neno lina ushahidi wake kwenye kamusi.

Furaha kwa Kiswahili haitoki kwenye chungu. Inakaa usoni na mwilini: uso umekunjuka, mtu amechangamka, ana bashasha. Huko ndiko pa kutafutia maneno.

Mchangamfu ndilo neno la kwanza kumjia kila mtu, na halina kosa, ila limechoka. Hilohilo hutumika kutafsiri lively, cheerful na outgoing. Mwandishi aliyeacha hayo yote akachagua effervescent alitaka kitu kilichozidi kiwango, kwa hiyo ongeza nguvu: "amejaa bashasha", au bora zaidi tumia kitenzi, "akiingia tu, ukumbi unachangamka". Mcheshi ni anayechekesha, na mtu effervescent si lazima awe na mzaha wowote. Mkunjufu ni mwenye kupokea watu vizuri, hata akiwa mpole na mkimya. Machachari ni asiyetulia. Winga wa timu ya mpira atafurahi kuitwa hivyo, waziri hatafurahi. Kinachosifiwa kikiwa ni tukio na si mtu, yaani sherehe au mtaa siku ya sikukuu, usihangaike na sifa yoyote: andika kulikuwa na shamrashamra.

Chukua sentensi hii: Her effervescent personality won over the audience. Rasimu ya mgeni huwa hivi: "Haiba yake changamfu iliishinda hadhira." Sarufi ni safi, lakini hadhira imeshindwa kana kwamba kulikuwa na pambano, na "haiba changamfu" ni muundo wa Kiingereza uliovaa kanga. Andika: "Kwa bashasha aliyokuwa nayo, watazamaji walimpenda papo hapo." Sifa imegeuka nomino, na watazamaji ndio wanaotenda. Mbinu hiyo hufaa karibu kila mara.

Unapoandika Kiingereza chenyewe, usiamini orodha ya visawe inayoyapanga maneno kana kwamba yana uzito mmoja. Bubbly ni la mazungumzo, na kwa kawaida husemwa juu ya wanawake na wasichana. Ukiliweka kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazini unampunguzia hadhi. Hapo andika energetic au engaging. Vivacious nalo limeelemea kwa wanawake, na likitumika kwa mwanamume msomaji hushtuka. Ebullient aghalabu ni hali ya muda, kama kocha baada ya ushindi. Animated ni ya muda mfupi zaidi: mtu mkimya anaweza kuwa animated dakika 5 mazungumzo yakigusa anachokipenda, kisha akanyamaza. Sprightly hupewa wazee ambao bado wakakamavu. Kumwita hivyo kijana wa miaka 20 ni kichekesho. Exuberant ina furaha isiyo na breki, na yaweza kuwa lawama. Alan Greenspan, alipokuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, alisema irrational exuberance katika hotuba ya tarehe 5 Desemba 1996, akigusia bei za mali zinazopanda kupita kiasi. Hakuwa akisifu. Ukiwa na shaka, lively haitakuangusha.

Tahajia: f mbili, kisha s na c kabla ya ent. Mkazo uko kwenye silabi ya tatu, ves. Usilichanganye na fluorescent, ambalo ni la mwanga.

Kwa vinywaji kazi ni nyepesi. Fizzy na carbonated ni yenye gesi, sparkling water ni maji yenye gesi, na flat ni soda iliyoisha gesi. Effervescent kwa kinywaji ni mapambo ya mwandishi. "Yenye gesi" inatosha.

Sasa boksi la dawa. Hapa urembo wote uweke kando. Effervescent tablet kwa kawaida huwa na asidi, mara nyingi ya sitriki, pamoja na bikabonati ya sodiamu. Vikikutana ndani ya maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na kidonge husambaratika. Ukiandika "kidonge cha povu" umeeleza sura yake tu, na mgonjwa atakimeza kikavu. Taja kinachofanywa: "kidonge cha kuyeyusha kwenye maji". Kisha maelekezo kwa mfuatano, ukifuata kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye lebo: "Weka kidonge kwenye nusu glasi ya maji. Subiri kiyeyuke chote. Kunywa maji hayo yote. Usikimeze wala kukitafuna kikiwa kikavu."

Usiruke onyo la sodiamu kwa kuliona refu. Kidonge kimoja cha parasetamo cha aina hii kinaweza kuwa na karibu miligramu 400 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku. Mwenye shinikizo la damu anayekunywa vidonge 6 amevuka kiwango hicho kabla hajagusa chakula. Na keep tightly closed isiwe "hifadhi vizuri" tu. Andika "funga kifuniko mpaka kikaze kila unapotoa kidonge", kwa sababu unyevu wa hewa ya Mombasa au Tanga unatosha kuvianzisha vidonge humohumo ndani ya kichupa.