Ukaguzi wa viyeyusho maabara ya chuo: anza na kabati, vibali baadaye

Mkuu, nimesoma swali lako. Mko maabara ya utafiti chuoni, mmepewa wiki tatu kujiandaa na ukaguzi, msimamizi wako yuko safarini, na kabati limejaa viyeyusho (vimiminika vya kuyeyushia kemikali nyingine) ambavyo nusu yake hujui aliyeviagiza. Unauliza muanze na vibali au mafunzo. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, huu mwaka wa 14, na kaguzi nimezipitia kadhaa. Anza na kabati. Vibali hujazwa kutokana na orodha, na kama orodha ni ya kubuni, utakuwa umesaini uongo kwa jina lako.

Sheria nazipitia haraka, maana nadhani unaongelea Tanzania. Kemikali zenyewe ziko chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Na. 3 ya 2003, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Mnaozipumua mnalindwa na sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, Na. 5 ya mwaka huohuo, hao ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Taka hatarishi ni NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Halafu kuna hili ambalo wengi wanalisahau: asetoni, etha, toluini na MEK (methili ethili ketoni) ni kemikali bashirifu, yaani zinaweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya, na zimo kwenye Jedwali la Pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kuhusu dawa za kulevya. Ndiyo, asetoni hiyohiyo mnayosuuzia flaski kama maji ya bomba. Mkaguzi akiuliza lita ngapi zimeingia na ngapi zimetoka, "tuliosha vyombo" halitakusaidia kama hakuna daftari.

Sasa kabati. Chuo nilichoanzia kazi (sikitaji) tulikuwa na chupa ya kahawia ya lita 2.5, rafu ya chini kabisa, lebo imeliwa na mvuke imebaki herufi tatu. Nilishaihamisha kwa mikono yangu mara mbili nikifagia. Siku tunaandaa orodha, mwalimu mmoja mzee akachuchumaa, akamulika tochi ya simu, akanyamaza. Kuzunguka shingo ya chupa, chini ya mfuniko, palikuwa na chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Akasema taratibu, "Tokeni wote, mlango mfunge polepole." Ilikuwa etha. Etha ikikaa na hewa miaka inatengeneza peroksidi, kemikali zinazolipuka kirahisi, zikiganda hivyo hata kuzungusha mfuniko kunatosha kuilipua. Chumba kilifungwa siku tisa hadi wataalamu wa kuiondoa walipofika. Mimi siku hizo tisa nilikuwa nawaza zile mara mbili na ufagio wangu.

Tangu hapo, chupa yoyote ya etha au THF (tetrahidrofurani, nayo hutengeneza peroksidi) ikifunguliwa mbele yangu, tarehe inaandikwa kwa maka peni hapohapo kabla mtu hajamimina hata tone. Kila miezi mitatu tunapima kwa vile vijikaratasi vya peroksidi. Na hakuna kuivukiza hadi ikauke kama haijapimwa. Nunueni chupa ndogo, jamani. Bei ya jumla ya lita 2.5 inavutia, lakini kuiondoa ikizeeka ni gharama nyingine kabisa.

Jambo la pili ni joto letu. Etha inachemka nyuzi 34.6, diklorometheni karibu 40. Saa nane mchana Dar, umeme umekatika, kiyoyozi kimezima na fyumu hudi (kabati la kufanyia kazi linalovuta mvuke nje) imezima, wewe uko katikati ya kazi. Tumeweka utaratibu: umeme ukikatika, funika vyombo, zima moto, shusha kioo cha hudi, toka. Mwanafunzi atalalamika sampuli yake imeharibika. Alalamike. Wala msiweke viyeyusho kwenye friji ya kawaida ya nyumbani, ile kidhibiti joto na swichi ya taa vinatoa cheche ndani ya boksi lililojaa mvuke.

Taka ndiyo sehemu tuliyofeli ukaguzi wetu wa kwanza. Tulikuwa na dumu moja, kila kitu humo. Viyeyusho vyenye klorini (klorofomu, diklorometheni) viwe na dumu lake, kwa sababu vikichomwa vinatoa gesi ya asidi, na mchomaji ana haki ya kuvikataa au kuvitoza zaidi. Asidi ya naitriki isikaribie kabisa dumu la viyeyusho. Kijana wetu mmoja alimimina mabaki ya asidi hiyo ya kuoshea vioo humo saa kumi jioni, akafunga mfuniko akaenda zake hosteli. Asubuhi dumu limevimba kama puto, limejiegemeza ukutani. Bahati yetu lilikuwa la plastiki. Na kumwaga sinki, hapana, hata "kidogo tu".

Glavu: zile za bluu za naitraili hazizuii diklorometheni, inapenya ndani ya dakika chache. Ikikudondokea, vua papo hapo, nawa.

Kuhusu mafunzo uliyouliza: nusu siku inatosha, mkiyafanyia palepale kwenye kabati na karatasi za usalama za kemikali mlizonazo kweli. Slaidi za picha za mtandaoni zinalaza watu.

Kwa hiyo kesho asubuhi nendeni wawili, daftari na tochi, msiguse chochote kwanza, someni tu. Chupa isiyosomeka iandikeni "haijulikani", msibahatishe jina wala kunusa. Mkiona chembe kwenye mfuniko, piga picha kutoka mbali, fungeni chumba, mwambieni mkuu wa idara siku hiyohiyo, kisha irushe picha hapa nikuangalizie.