Kabla ya Kupiga Chapa, Pitia Maktaba ya Taifa

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja wa Shela, kisiwani Lamu, ambaye amekusanya mashairi ya babu yake, kurasa sitini hivi, akitaka kujua kama kuna haja ya kujisumbua na Maktaba ya Taifa ya Nairobi kwa kijitabu kidogo kama hicho. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa si yeye peke yake mwenye hamu ya kuyaona maneno ya wazee wake yakiwa kitabu, na kwa kuwa jibu lake mimi nililipata kwa uchungu.

Mwaka 2014 nilichapisha nyimbo za vugo nilizoachiwa na bibi yangu, zile ambazo wanawake wa Lamu huziimba arusini huku wakigonga pembe za nyati. Mpiga chapa niliyemwendea aliniambia kwamba nambari ya kitabu ni ya vitabu vya shule tu, nami nikamwamini, nikalipia nakala 300. Duka la kwanza nililolipelekea lilikataa kuvipokea kwa sababu nyuma ya jalada hapakuwa na nambari yoyote. Nikaviweka sandukuni, chumba cha chini, na masika mawili yakatosha: nilipofungua, kurasa zilikuwa zimegandamana na mchwa wamekula pembe zake. Zilisalimika nakala 11. Lililoniuma zaidi ni kukuta baadaye nyimbo tatu za bibi katika kijitabu cha mtu mwingine, bila jina langu wala lake, na kosa langu la tahajia katika ubeti wa pili likiwa palepale. Nilipolalamika niliulizwa kitabu changu kimeandikishwa wapi. Sikuwa na jibu.

Ndipo nikafunga safari ya kwenda Maktaba Kuu, katika eneo la Community. Nilidhani maktaba ya taifa ni maktaba ya mtaani iliyokuzwa, nikakuta kazi zake ni nyingine. Huduma ya maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti maktaba za umma, lakini kutunza kumbukumbu ya vitabu vya nchi nzima kumebaki kuwa jukumu la taifa. Hapo ndipo zinapotolewa nambari za ISBN za Kenya, yaani ile nambari ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, na hapo ndipo vitabu vinavyochapishwa nchini vinapoorodheshwa katika bibliografia ya taifa, yaani orodha ya vitabu vya nchi. Sheria inamtaka mchapishaji awasilishe nakala za kila kitabu, na ukijichapishia mwenyewe, basi mchapishaji ni wewe.

Mkutubi aliyenipokea, kijana mpole, alikishika kitabu changu kwa mikono miwili kama anayepokea msahafu. Hakutazama jalada. Alifunua ukurasa wa jina, akageuza upande wa pili, akapitisha kidole juu ya karatasi tupu, kisha akaniuliza, "Mama, hiki kilichapwa wapi, na mwaka gani?" Nilimtajia. Akaandika Lamu na 2014 ndani ya mabano ya mraba, akanieleza kwamba mabano hayo huwaambia wasomaji kuwa habari hiyo haikutoka ndani ya kitabu chenyewe. Kisha akanipeleka kwenye rafu za 896.392, namba ambayo mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu maktabani umeitengea fasihi ya Kiswahili, nikasimama hapo muda mrefu nikisoma migongo ya vitabu, nikimfikiria bibi yangu ambaye hakuwahi kuvuka Mokowe, gati yetu ya upande wa bara.

Sasa, dada yangu, nikwambie. Omba nambari kabla ya kupiga chapa, kwa sababu lazima ichapwe ndani ya kitabu na nyuma ya jalada. Ina tarakimu 13: huanza na 978, ikafuata 9966 au 9914, ambazo ni za Kenya, kisha sehemu ya mchapishaji na ya kitabu, na ya mwisho ni ya kukagua kama zilizotangulia zimeandikwa sawa. Nambari hiyo haikupi hakimiliki, jambo hilo lina sheria yake, lakini inakitambulisha kitabu chako popote kinapotajwa. Nyuma ya ukurasa wa jina andika mji, mwaka na mchapishaji. Kikishachapwa, peleka nakala. Narudia: omba kabla, peleka baada. Usimsikilize anayekwambia kitabu chako ni kidogo mno.

Sisi watu wa Lamu tunajisifu kwa washairi wetu, ilhali miswada mingi ya tenzi za visiwa hivi imehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS, chuo kikuu cha huko. Wageni waliikusanya na kuitunza vizuri, nami siwalaumu. Nawalaumu wenye masanduku, wanaofungia maneno ya wazee mpaka mchwa wayafikie kwanza, na lawama hiyo naanza kuibeba mimi.

Moja ya zile nakala 11 iko Nairobi. Toleo la pili nimeliombea nambari mwezi uliopita, na juzi nimeletewa kurasa za majaribio nizipitie. Nilifunua kwanza upande wa pili wa ukurasa wa jina. Pameandikwa Lamu, na mwaka, bila mabano.