Kabla mzazi wako hajaongezewa dawa nyingine

Mzazi akirudi kliniki na malalamiko mapya, watu husema uzee umemwingia. Mimi siku hizi swali langu la kwanza ni hili: je, si dawa anazomeza ndizo zimeleta tatizo hili?

Nimejifunza hilo kwa mama. Alianzishiwa amlodipini, dawa ya presha, na presha ikashuka vizuri, ila miguu ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kifundo, kidole kinaacha shimo. Uvimbe huo ni athari inayojulikana ya amlodipini. Daktari mwingine, kwingine kabisa, aliitazama miguu akaandika dawa ya kukojoza, bila kuuliza anatumia nini. Dawa hizo hupandisha asidi ya yuriki kwenye damu. Haukupita muda kidole gumba cha mguu kikawaka: gauti hiyo, maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi hiyo ikizidi. Akaandikiwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo hupandisha presha na kupunguza damu inayofika kwenye figo. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ikapanda. Dawa ya kwanza ilizaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, na kila aliyeandika alitaka mama apone.

Aliyemwokoa alikuwa daktari kijana aliyesema, “Mama, nimwagie zote hapa mezani.” Alisoma boksi moja moja, akauliza ipi ilitangulia. Diklofenaki aliisimamisha palepale, amlodipini akaibadilisha, ya kukojoza akaiondoa. Miguu ilinywea, na kipimo cha figo kikaanza kushuka. Kwangu, huo ndio udaktari: kujua cha kuondoa na cha kukataa. Mwaka 1960 Frances Kelsey, daktari wa mamlaka ya dawa ya Marekani, aligoma kuidhinisha talidomaidi, dawa ya kutuliza ambayo wajawazito walipewa kwa kichefuchefu, kwa kuwa ushahidi wa usalama wake haukumridhisha. Kwingineko ilikouzwa, maelfu ya watoto walizaliwa na viungo vilivyodumaa.

Kwa hiyo beba dawa zenyewe, usitegemee kumbukumbu. Weka na za mitishamba, na zile za maumivu mlizonunua dukani bila cheti, maana hizo ndizo husahaulika. Kama anatumia dawa ya presha na diklofenaki au ibuprofeni kwa pamoja, mwambie daktari mapema na uulizie kipimo cha figo. Ila usimwachishe dawa ya presha kwa uamuzi wako. Presha ikipanda ghafla, kiharusi hakingoji tarehe ya kliniki.